Hudihudi kwenye Gundi ya Panya

Kila Ijumaa asubuhi Jael alianza siku yake kwa kugombana na kikombe cha chai.

"Baba, kuna utando," alisema, akikisukuma kikombe kwa ncha ya kidole kana kwamba kingemuuma.

"Hayo ni maziwa, si nyoka," akajibu baba yake, Hezron. "Utando ni koti la chai. Asubuhi hii ya baridi, hata chai inataka kujifunika."

"Unanata mdomoni. Nitatapika."

"Basi tapika nje. Hapa nimeshapiga deki."

Jael alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini kinyaa chake kingewatosha watu watano. Yai lenye majimaji, hapana. Samaki mwenye macho, hapana. Kiti cha basi alikifuta kwa tishu mbili kabla ya kukikalia, na mtoto wa darasa la kwanza akipita na kamasi, Jael aligeuka akatazama ukuta. Hilo lilimchekesha sana Hezron, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa dereva wa basi la shule, na alishafuta kutoka kwenye viti hivyo vitu ambavyo havisemeki mezani.

Waliishi wawili tu katika nyumba ndogo mjini Riyadh. Mama yake Jael, Truphena, alikuwa muuguzi. Mwezi wa kwanza kafili wake, yaani mwajiri aliyemshikia kibali chake, alimhamishia hospitali moja ya Jeddah, karibu kilometa elfu moja kutoka hapo. Sasa mama alikuwa sauti kwenye simu tu, tena sauti yenye usingizi. Jael alikuwa hajamwona kwa wiki tisa. Alizihesabu kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango.

Ndiyo maana Mwalimu Lois alipotangaza ile safari, Jael aliinua mkono hata kabla hajaulizwa swali.

"Shusha mkono, sijamaliza," alisema Mwalimu Lois, Mkenya aliyewafundisha sayansi. "Mwezi huu wa tatu miti ya hapa inachipua, na ndege wengi wanapita wakitoka kwetu Afrika kwenda kaskazini. Ijumaa tatu tutakwenda kwenye shamba moja la zamani bondeni, lenye miti mingi. Kila mtu ataandika ndege aliowaona. Wawili wenye madaftari bora watakwenda Jeddah, kuyaonyesha katika shule ndugu yetu pale Al-Rawdah."

"Mwalimu, hao ndege wanapita bila ikama, kibali cha kuishi?" aliuliza Brayo, mvulana aliyekaa nyuma ya Jael na ambaye hakuweza kunyamaza hata akilipwa.

"Bila ikama, bila kafili, na bila mdomo kama wako. Sasa nisikilizeni. Unaandika ulichokiona kwa macho yako. Si ulichoambiwa na Brayo, wala ulichokiota. Na kila ndege nitakuuliza alikuwa anafanya nini."

Jioni ile Jael alimuuliza baba yake, "Kutoka Al-Rawdah mpaka Al-Nuzha, kwa mama, ni mbali?"

"Ukipiga chafya mara tatu umefika."

Basi Jael alijua anachokitaka. Hakutaka zawadi wala makofi. Alitaka kufika mahali ambapo angepiga chafya tatu na kumwona mama yake.

Ijumaa ya kwanza ilimwangusha. Shamba lilikuwa zuri kwa mbali, migunga na mitende imesimama chini ya jabali la rangi ya biskuti. Lakini kuingia ndani ilibidi upite mahali ambapo watu wa mjini huja kula nyama wikendi, na walikuwa wameacha kila kitu isipokuwa magari yao. Mifupa yenye mafuta yaliyoganda. Wali uliovimba ndani ya mifuko ya plastiki. Maganda ya tikiti yaliyooza mpaka yakawa uji, na juu yake nzi waliotulia kama wamelipia viti. Nepi zilikuwepo pia, na upepo ulitoka upande wa nepi.

"Mimi siingii huko," alisema Jael, akipanda juu ya jiwe safi na kuziba pua kwa kitambaa.

"Hudihudi! Hudihudi!" Brayo alinong'ona kwa sauti ya kupiga kelele. "Yule pale, ana kishungi! Anachomoa funza chini ya tikiti! Ona, amemrusha juu, amemmeza!"

Wote walikimbia huku wameinama. Jael alibaki jiweni. Alipochungulia aliona miti na matako ya wenzake, basi. Siku hiyo Brayo aliandika ndege tisa. Jael aliandika wanne: njiwa, kunguru, shomoro, na shore mmoja aliyekuja mwenyewe kwenye basi kutafuta makombo.

"Kunguru ulimwona akifanya nini?" aliuliza Mwalimu Lois.

"Akinitazama."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nimeziba pua, Mwalimu."

Darasa zima lilicheka. Jael hakucheka.

Usiku wa Alhamisi iliyofuata, alikumbuka hadithi ambayo baba yake alipenda kuisimulia. Zamani, utotoni kwao Vihiga, Hezron na wenzake walikuwa wakichemsha utomvu wa mti mpaka unakuwa ulimbo. Wakapaka kwenye kijiti, ndege akitua ananaswa. "Tunamshika, tunamtazama vizuri, tunampaka jivu miguuni, anaruka zake," baba alimaliza kila mara, huku akipeperusha mikono.

Ulimbo Jael hakuwa nao. Lakini chini ya sinki la jikoni kulikuwa na kadibodi ya gundi ya panya, ile inayouzwa katika kila bakala, duka dogo la mtaani. Akaikata nusu kwa mkasi, akaikunja ndani ya daftari la zamani, akaitia begini. Alijiambia hivi: nitamnasa, nitamtazama, nitamwandika, nitamwachia. Ubaya uko wapi?

Ijumaa ya pili walipokelewa na Justus, mlinzi wa shamba, Mkenya mrefu mwembamba aliyeishi peke yake kwenye kibanda karibu na tangi la maji. Alifurahi kusikia Kiswahili hadi akaongeza sukari kwenye chai mara mbili kwa kusahau.

"Tembeeni mnavyotaka," aliwaambia, "lakini msiguse ndege. Bosi wangu, mwenye shamba, anampenda hudihudi kuliko anavyonipenda mimi. Anasema ni ndege wa Nabii Suleiman. Mwaka jana alimkuta kibarua mmoja ametega wavu hapa. Hakuuliza mara mbili. Halas, basi! Jioni ileile alimpeleka kwa waliomleta wamrudishe kwao."

Jael alisikia. Lakini kadibodi ilikuwa tayari begini, na Brayo alikuwa tayari na ndege tisa. Wakati wa chai alizunguka nyuma ya ukuta wa zamani wa udongo, akaiweka gundi chini karibu na shimo la ukuta, akaweka mende mmoja aliyekufa katikati. Mende mwenyewe alimbeba kwa tishu tatu.

Alirudi baada ya saa moja. Kwanza alisikia nzi.

Mjusi mdogo alikuwa amenasa pembeni, ametanua mdomo, amekufa. Siafu wawili walikuwa bado wanatingisha miguu. Na katikati, amelala ubavu, alikuwa hudihudi. Bawa moja lilikuwa limezama lote kwenye gundi. Kile kishungi kizuri kilikuwa kimelala na kushikamana kama nywele zilizopakwa asali. Alikuwa amejinyea, na kinyesi kilikuwa kimechanganyika na gundi, manyoya na miguu ya mende. Alinuka. Haikuwa harufu ya uchafu wa kawaida, ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya friji iliyozimika. Jicho lake moja jeusi lilimtazama Jael.

Jael alimshika amwinue. Kitu kikatoa sauti ndogo, kama kubandua plasta, na manyoya matatu ya mkia yakabaki kwenye kadibodi.

Akatapika palepale, ukutani. Kisha akapiga ukelele.

Walipomfikia, Mwalimu Lois mbele, Brayo nyuma yake, na Hezron akihema mwishoni, mdomo wa Jael ulifunguka wenyewe. "Nimemkuta! Kuna mtu ametega! Nimemkuta hivyo hivyo!"

"Watu wachafu kweli," alisema Brayo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Hii ni nini? Shetani gani anafanya hivi?"

"Nyamaza, Brayo. Pole, Jael," alisema Mwalimu Lois, akamkumbatia. Lile kumbatio Jael alilisikia linamnata mwilini kuliko ile gundi.

Hezron alisogea mbele. Aliinama akaitazama kadibodi. Kwenye pembe yake kulikuwa na alama ya duara ya kahawia, alama ya kikombe. Akamtazama binti yake. Kisha akatazama pembeni.

Justus alimbeba ndege na kadibodi yake mpaka kwenye kibanda, taratibu kama mtu aliyebeba sinia la mayai. "Leteni unga ule. Na mafuta ya kula, chupa iko chini ya kitanda. Mtu asivute! Mwezi uliopita nilikanyaga gundi kama hii na soksi, nikavuta. Soksi ilibaki, na ngozi nusu."

"Kwa hiyo hii gundi ni yako, Justus?" aliuliza Mwalimu Lois.

"Ninayo ya panya, ipo hapa ndani, stoo. Nje siweki hata siku moja."

Hapo gari lilisimama nje, na mwenye shamba akaingia. Alikuwa mzee mnene mwenye fimbo. Alimwona ndege. Uso wake ulijikunja kama mtu aliyeuma limau bovu. Akaona kifurushi cha gundi kwenye rafu ya Justus. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Wewe!" alisema kwa Kiarabu, akimnyooshea Justus fimbo. "Nilikuamini. Kusanya nguo zako. Halas."

"Wallahi, bosi, si mimi," alisema Justus. Mikono yake ilikuwa imejaa unga na mafuta, na hakuweza hata kufuta jasho usoni. "Bosi, mimi nina watoto. Muulize mtu yeyote."

Jael hakujua Kiarabu kingi, lakini halas alikijua. Alikumbuka yule kibarua wa mwaka jana. Akamtazama baba yake, akitumaini atasema chochote, hata mzaha. Hezron alikuwa amesimama mlangoni, midomo imefungwa, macho yakimsubiri yeye. Kinyaa kikampanda Jael tena kooni. Hakikuwa kinyaa cha ndege, wala cha kinyesi, wala cha mende.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia, kwa sababu Justus alikuwa bado anabembeleza.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Si Anko Justus! Nimeileta kutoka nyumbani, nikaikata kwa mkasi. Nilitaka kumwona hudihudi karibu ili niandike, niende Jeddah kwa mama. Nilidhani atatoka. Nikadanganya."

 Mwalimu Lois alimtafsiria mzee maneno yote, bila kupunguza hata moja. Mzee akashusha fimbo. Kisha akamgeukia Justus na kusema jambo fupi, akiweka mkono kifuani.

"Anasema nimsamehe," alisema Justus. "Na anasema huyu msichana ndiye atakayemsafisha ndege. Yote. Yalla, haya."

Basi Jael akakaa chini, kwenye sakafu. Justus alimwelekeza. Unga kwanza, ili gundi isishike upya. Kisha mafuta kwa pamba, unyoya mmoja mmoja, kutoka nje kuelekea ndani. Gundi ilitoka kidogo kidogo, nyeusi, kama kamasi za mtu mwenye mafua ya mwezi mzima. Kinyesi kikamwingia chini ya kucha. Mguu wa mende ukamganda kwenye kidole gumba. Mara mbili alikimbia nje kutapika, na mara mbili alirudi. Tishu hakuomba.

"Kwa nini ananuka hivi?" aliuliza, machozi yakimtiririka na pua ikimtiririka pia.

"Huyu ni jike, na ana watoto," alisema Mwalimu Lois. "Lile shimo ukutani ni kiota chake. Akiwa na makinda anatoa mafuta yenye harufu mbaya, anajipaka mwilini. Wanyama wakali wakinusa wanaondoka."

Jael alisimamisha pamba. "Kwa hiyo watoto wako shimoni sasa hivi?"

"Wako. Wanasubiri."

Jael alichovya pamba upya. Aliendelea kusafisha.

Walimwosha ndege kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, wakamkausha ndani ya boksi la tende karibu na taa. Saa tisa alasiri walimfungulia nyuma ya ukuta. Aliruka upandeupande kama mlevi, akagonga tawi, akapumzika. Halafu akaingia shimoni. Ndani kukasikika sauti nyembamba nyingi kwa pamoja. Hata Brayo alinyamaza.

Njiani kurudi, Jael alikaa kiti cha mbele, nyuma ya baba yake. Hakukifuta.

"Baba, ulijua."

"Nilijua nilipoona alama ya kikombe changu; nilikiweka juu ya kadibodi ile siku niliyoinunua."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Mzee alipoinua ile fimbo nilihesabu kumi. Ulisema kwenye nane. Ingefika kumi ningesema mimi, na tungeaibika wote wawili." Akabadilisha gia. "Lakini na mimi nina langu, mama. Ile hadithi ya ulimbo. Nilikwambia tulikuwa tunawapaka jivu, tunawaachia."

"Ndiyo."

"Hatukuwaachia. Hawakuwa wakitoka wazima. Tuliwala. Nilikatisha hadithi pale ilipokuwa tamu, nikakupa nusu. Na wewe ukaenda kutega kwa hiyo nusu."

Jael alikunja uso. "Mliwala? Na ulimbo mdomoni?"

"Tuliwababua kwanza."

"Baba! Nyamaza!"

Jumapili, shule ilipofunguliwa, Mwalimu Lois alimwita ofisini. "Daftari lako halishindani tena. Hilo unalielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini Ijumaa ya tatu utakuja. Na utaandika yaliyotokea, ukurasa mzima, kwa mkono wako."

Ijumaa ya tatu Jael alikuja na glavu na mifuko mikubwa ya taka. Hakuna aliyemwagiza. Alipita katikati ya mifupa na nepi akiokota, akisema "ng'ee" kwa kila nepi, maana kinyaa hakikuwa kimemtoka. Ila safari hii aliingia nacho ndani. Justus alimsaidia, na Brayo naye, baada ya kulalamika kwanza. Na kwa sababu alikuwa ameinama chini kwenye uchafu kimya kimya, Jael aliona vitu ambavyo hakuwahi kuviona akiwa jiweni: keremkerem wa kijani waliokaa mstari mmoja kwenye tawi, chozi, ndege mdogo mweusi, akining'inia kwenye maua ya mgunga, na mwishowe hudihudi. Alikuja na funza mdomoni, akaingia shimoni, akatoka. Harufu ilimpiga Jael usoni. Hakuziba pua. Aliandika: *Hudihudi, jike, mmoja. Analisha watoto. Mkia umepungua manyoya matatu. Niliyang'oa mimi.*

Waliochaguliwa kwenda Jeddah walikuwa Brayo na msichana wa darasa lao, Lorine. Alhamisi basi liliondoka, Hezron akiendesha. Hakumchukua binti yake, ingawa viti kumi na viwili vilikuwa wazi.

"Viti viko, baba," alisema Jael, mara moja tu, kwa sauti ndogo.

"Viko. Lakini si vyako safari hii." Akambusu kichwani, akamwacha kwa jirani, Mama Rosebellah, aliyempa chai yenye utando mzito kama shuka.

Jumamosi jioni basi lilirudi. Brayo alishuka kwanza, akipunga cheti. Lorine akafuata, halafu Mwalimu Lois. Hezron akatoa kichwa dirishani.

"Jael! Kuna mzigo wako kutoka Jeddah. Mzito. Unalalamika njia nzima."

Mlangoni pa basi alisimama mama yake, kitambaa kikiwa kimeziba pua. "Hezron, humu ndani kuna soksi ngapi? Kilometa elfu moja nanusa miguu ya Brayo!"

Jael hakukumbuka alivyofika pale. Alikumbuka tu kwamba mama alinuka dawa ya hospitali, jasho na soksi, na kwamba hakutaka kutoa pua yake hapo.

Baadaye, nyumbani, mama alitoa karatasi mkobani. Ilikuwa ule ukurasa wa Jael.

"Mwalimu wako aliubandika ukutani pale Al-Rawdah, bila zawadi yoyote. Nilitoka kazini asubuhi nikaenda kuona madaftari, nikadhani sitakuta jina lako. Nikausoma nimesimama. Nikarudi hospitali moja kwa moja, nikaomba siku zangu nne za likizo. Mtoto aliyeandika hivi, nilisema, siwezi kumpongeza kwa simu."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika sana, mpaka mstari wa kumi. Halafu nikafika pale uliposema 'ni mimi'." Akamshika mikono, akatazama kucha zake. "Sikiliza, mwanangu. Mimi kila siku naosha vidonda vya watu, na kinyaa ninacho, usidhani sina. Uchafu wa mikononi unaoshwa kwa mafuta na sabuni. Lakini uchafu wa kumwachia mwenzako kosa lako, ule hauna sabuni. Unatoka kwa kusema ukweli tu, na unatoka kwa maumivu, kama ile gundi. Ukisema mapema unapoteza manyoya matatu. Ukichelewa unapoteza bawa."

Hezron akaingia na sinia la chai, vikombe vitatu. Jael akachungulia chake.

"Baba, kuna utando."

"Kunywa, mwanangu."

"Ukweli ni ukweli, Baba. Utando ni mbaya."

Mama akacheka, akautoa kwa kijiko, akaula yeye.